Mashine ya kukatia nyasi ya kukalia: kuiendesha, kuitunza na kuijua inapougua

Kitabu kinachokuja na mashine hii kimeandikiwa mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba huko Marekani au Ulaya, anayekata saa moja kila mwisho wa wiki na kuifungia mashine theluji inapoanguka. Mashine hiyohiyo ikifika shule ya bweni Iringa, hoteli ya ufukweni Diani au uwanja wa kanisa Kiambu, hufanya kazi saa sita kwa wiki msimu mzima wa mvua, kisha inakutana na kiangazi chenye vumbi. Kitabu kinasema badilisha oili kila baada ya saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Kwa saa sita kwa wiki, hizo saa 50 zinatimia kabla wiki ya tisa haijaisha. Anayeshika neno "mwaka" na kuziacha "saa 50" anaiua injini polepole, na siku itakapokufa atalaumu ubora wa mashine.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya spana, ni daftari. Mashine nyingi zina mita ya saa karibu na usukani. Kama yako haina, andika muda wa kuwasha na wa kuzima kila siku ya kazi. Muda wote utakaotajwa hapa chini ni wa saa za kazi.

Mashine inayozungumziwa ni ile ya kawaida: injini ya petroli mbele, nguvu za farasi 15 hadi 22, deki ya upana wa sentimita 107 (inchi 42) chini ya tumbo, na visu viwili. Deki ni kofia ya bati inayofunika visu. Kila kisu kimefungwa kwenye spindeli, yaani shafti fupi iliyokaa ndani ya beringi. Mkanda mmoja unatoka kwenye puli ya injini kuzungusha visu, na mwingine unapeleka nguvu kwenye gia za magurudumu ya nyuma.

Kabla ya kuwasha

Pima oili injini ikiwa baridi, mashine ikiwa imesimama mahali tambarare. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Kuna vijiti vinavyosomwa vikiwa vimefungwa uzi hadi mwisho na vingine vikiwa vimekaa juu ya mdomo tu. Tofauti hiyo inaweza kukudanganya kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo angalia kitabu kinasema vipi kuhusu injini yako. Oili ikizidi ni kosa kama ilivyo ikipungua: inasukumwa kupitia bomba la kupumulia, inalowesha filta ya hewa, na injini inatoa moshi mweupe mzito ambao wengi hudhani ni ringi zimekwisha.

Petroli itiwe injini ikiwa imepoa. Kama imetoka kazini, subiri angalau dakika 15. Weka galoni chini ardhini wakati wa kulijaza, wala usilijaze likiwa juu ya bati la pikapu lililotandikwa plastiki, kwa sababu umeme tuli unaweza kutoa cheche. Kwenye tangi acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kutoka juu, petroli ipate pa kutanukia jua likipanda.

Upepo wa matairi huwa karibu psi 14 mbele na psi 10 nyuma. Ni mdogo kuliko unavyozoea kwenye gari, na ndivyo unavyotakiwa uwe. Pima kwa geji, usitumie kidole. Tairi moja ikipungua, deki nzima inalala upande huo na uwanja unakatwa ngazi. Watu wengi huanza kuhangaika na boliti za deki siku nzima kumbe kosa ni pampu ya dakika mbili.

Kisha tembea uwanjani kwa miguu. Okota mawe, mifupa, chupa, vipande vya nondo, waya na kamba. Ncha ya kisu cha mashine hizi inaweza kwenda karibu mita 96 kwa sekunde. Huo ndio ukomo wa kiwango cha usalama cha Marekani, futi 19,000 kwa dakika, na ni sawa na kilomita 345 hivi kwa saa. Kokoto ikipigwa kwa kasi hiyo inatoboa bati, na jicho haliwezi kusalimika. Hii ndiyo sababu watoto hawakai uwanjani wakati wa kukata, hata kwa mbali kidogo, na hawapakatwi juu ya mashine hata kwa dakika moja. Mdomo wa kutolea nyasi uelekezwe pasipo na mtu, darasa wala gari, na ile kofia ya plastiki inayoufunika isifungwe juu wala kutolewa. Vaa viatu vya kufunika, suruali ndefu, miwani na vizuia kelele vya masikio.

Kuwasha na kuendesha

Kaa kwenye kiti. Kanyaga breki hadi mwisho, hakikisha swichi au wenzo wa visu umezimwa na gia ziko huru. Injini ikiwa baridi vuta choki, ikiwa moto iache. Geuza ufunguo kwa muda usiozidi sekunde tano, na isipowaka pumzika kama dakika moja kabla ya kujaribu tena, maana stata inaungua kwa kung'ang'anizwa. Ikishawaka rudisha choki kidogo kidogo na uiache inguruma dakika moja au mbili ipate joto.

Washa visu resi ikiwa ya kati. Kama ni wenzo wa mkono, usukume taratibu ili mkanda ushike bila kuruka. Visu vikishazunguka, pandisha resi hadi mwisho na uiache hukohuko muda wote wa kukata. Waendeshaji wengi huogopa jambo hili. Wanakata kwa nusu resi wakiamini wanabana mafuta na kuitunza injini, kumbe wanaiumiza. Injini hii haina maji ya kupoza. Feni yake imefungwa juu ya flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka na injini, na resi ikishuka upepo unapungua wakati mzigo wa nyasi uko palepale. Kisu nacho kinapunguza kasi, kinalaza majani badala ya kuyakata, unarudia mstari mara ya pili, na mafuta uliyodhani umeyaokoa yanakwenda hapo. Nyasi zikiwa nzito punguza mwendo wa magurudumu, resi iache juu. Injini ikianza kulalamika, ujue unakwenda haraka mno au unakata chini mno.

Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa na deki ya sentimita 107, ukitoa mistari inayopishana na muda wa kugeuza, utakata karibu nusu hekta kwa saa. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni hekta 0.7, kwa hiyo panga saa moja na nusu. Anayekuambia anaumaliza kwa dakika 40 anaacha vishungi.

Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Nyasi zikiwa zimefika sentimita 9, shusha hadi 6, subiri siku tatu au nne, kisha shusha tena. Ukoka kwenye uwanja wa mpira unavumilia kukatwa kwa sentimita 2.5 hadi 4. Nyasi ya kikuyu ya nyanda za juu iache kwenye 3 hadi 5, na ujue kwamba ikiachwa ikarefuka hutengeneza godoro la mashina makavu chini, ambalo kisu kikilifikia uwanja unabaki wa kahawia kwa wiki kadhaa. Nyasi ya Pemba ya pwani ina jani pana na haipendi kunyolewa. Iachie sentimita 5 au zaidi.

Anza kwa mizunguko miwili pembeni, halafu piga mistari iliyonyooka, kila mmoja ukiingia juu ya mwenzake kwa sentimita 10 hivi. Tupia nyasi upande uliokwisha kukatwa. Badilisha mwelekeo kila unapokata, leo kwa urefu na mara ijayo kwa upana, ili matairi yasichimbe njia moja na majani yasizoee kulala upande mmoja. Subiri umande ukauke. Saa nne asubuhi kwa kawaida inatosha. Nyasi mbichi iliyolowa hujikusanya chini ya deki kama uji, na mashine ya kilo 200 inayoteleza huacha makovu kwenye udongo wa masika.

Mteremko una kikomo cha nyuzi 15, na kwenye mashine za aina hii unakatwa kwa kupanda na kushuka, wala si kwa kukingama. Kupima ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, weka ncha moja juu ya mteremko, ulaze sawa kwa kutumia pima maji, kisha pima nafasi kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ikizidi sentimita 27 umevuka nyuzi 15, na sehemu hiyo ni ya fyekeo au mashine ya kusukuma kwa mkono.

Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini mwendeshaji akinyanyuka visu vikizunguka. Nyingine iko kwenye breki, na modeli nyingi zina ya kuzima ukirudi nyuma visu vikiwa vimewashwa. Swichi hizi zikichakaa au waya ukilegea, injini huzimika ovyo kwenye mashimo, na fundi wa haraka hukata waya na kuunganisha moja kwa moja. Usikubali. Swichi mpya ni kitu kidogo, na mashine isiyozimika mtu anapoanguka ndiyo inayokata miguu.

Ukimaliza zima visu, shusha resi, iache injini izunguke bila mzigo nusu dakika, ndipo uzime.

Visu

Hapa ndipo ubora wa uwanja unapoamuliwa. Kisu kikali kinakata, kibutu kinachana. Kesho yake utaona uwanja una rangi ya kijivu-nyeupe ukiutazama kwa mbali. Ng'oa jani moja ulitazame ncha. Kama imechanika nyuzinyuzi kama mswaki wa mti, kisu kimekwisha makali. Vitabu vingi vinataja kunoa kila saa 25. Kwenye udongo wa kichanga wa pwani au uwanja wenye vipara vya vumbi, mchanga unaonyonywa na kisu hukila kwa chini, na saa 8 hadi 10 ndizo zinazofaa. Kuwa na seti mbili za visu, moja ikiwa kazini na nyingine ikiwa imenolewa ukutani.

1. Chomoa ufunguo, kisha chomoa kofia ya waya wa plagi na uisogeze mbali. Ukizungusha kisu kwa mkono unaizungusha injini pia kama mkanda umeshika, na ikiwaka hapo hutapata nafasi ya pili.

2. Inua mbele ya mashine kwa jeki, kisha weka stendi au magogo imara chini ya fremu. Usiingize mkono chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Usiilaze mashine ubavu, kwa sababu oili itaingia kwenye filta ya hewa na kabureta.

3. Piga alama ya rangi upande wa chini wa kila kisu. Bawa lililokunjwa huwa linatazama juu, ndani ya deki, kwa sababu ndilo linalovuta hewa na kusimamisha majani. Kikifungwa kichwa chini mashine hunguruma vizuri na haikati kitu.

4. Zuia kisu kwa kipande cha ubao kati yake na ukuta wa deki, fungua boliti kwa boksi spana. Kwa kawaida inafunguka kinyume cha saa, ila mashine chache zina uzi wa kushoto. Ikigoma, soma kitabu kabla ya kuongeza bomba kwenye mpini.

5. Noa upande wa juu tu, kwa pembe ileile ya kiwandani ambayo ni karibu nyuzi 30. Tupa ya kawaida inatosha. Ukitumia grainda, gusa na uachie, gusa na uachie. Chuma kikigeuka bluu kimelainika na makali hayatadumu hata siku mbili. Ukali unaotakiwa ni wa kisu cha jikoni kilichotumika kidogo. Ukinoa kama wembe makali yanapinda kwenye jiwe la kwanza.

6. Ning'iniza kisu kwenye msumari uliopigwa ukutani, kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze kwa tupa hadi kilale sawa. Kisu kisicho na mizani kinatikisa spindeli maelfu ya mara kwa dakika, na beringi hulipa.

7. Kabla ya kufunga, kilaze juu ya sakafu ya saruji iliyosawazishwa. Tofauti ya ncha mbili ikizidi milimita 3, kimepinda. Usikinyooshe kwa nyundo wala usikichomelee, maana chuma kilichochoka huvunjika kazini na kipande chake huruka. Kitupe vilevile kama kimeliwa kikawa chembamba pale bawa linapoanzia, au kina ufa.

8. Safisha mahali kisu kinapokaa, kifunge na ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Kwa deki za ukubwa huu huwa kati ya Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 60 na 120, na tofauti hiyo ni kubwa mno kukisia kwa mkono.

Mashine ikiwa bado juu, kwangua nyasi zilizoganda chini ya deki kwa kijiti au kibanzi cha plastiki. Shika kila kisu kwenye ncha ukitikise juu na chini, maana kikicheza beringi za spindeli zimekufa. Kizungushe pia usikilize, kwani sauti ya mchanga ni dalili hiyohiyo ikiwa mapema. Kama spindeli ina chuchu ya grisi, ipe pampu moja au mbili kila saa 25 pamoja na magurudumu ya mbele. Usipige grisi hadi itoke nje, kwa sababu inasukuma sili, yaani mpira unaoziba beringi, na kufungulia vumbi mlango.

Kuisawazisha deki kunafanywa baada ya upepo wa matairi kuwa sahihi, kamwe si kabla. Elekeza visu kushoto na kulia, pima kutoka ncha ya nje ya kila kimoja hadi sakafuni. Tofauti isizidi milimita 3. Kisha vielekeze mbele na nyuma. Ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 13. Nyuma ikiwa chini, kila jani linakatwa mara mbili, injini inabeba mzigo bure na nyasi zinaganda.

Hewa, vumbi na joto

Filta ya hewa kwenye mashine nyingi ina sehemu mbili, sponji ya nje na karatasi ya ndani. Sponji ioshwe kwa sabuni na maji kila saa 25, ikamuliwe kwa kuibana bila kuisokota, na ikauke kabisa kivulini. Karatasi haioshwi, haitiwi oili na haipulizwi kwa kompresa, kwa sababu upepo huo unatoboa vitundu usivyoviona. Igonge taratibu juu ya ubao. Iangalie kwa kuiweka mbele ya tochi, na mwanga usipopita nunua mpya, hata kama hazijafika saa 100 zilizoandikwa. Kiangazi, sehemu za vumbi jekundu, angalia kila siku ya kazi. Injini inayokula vumbi huliwa silinda ndani ya msimu mmoja, na dalili ya kwanza ni oili kupungua bila kuvuja.

Kuna uchafu mwingine ambao hauonekani, na huu ndio unaoua injini nyingi huku kwetu. Juu ya injini kuna wavu unaozunguka na flaiwili. Chini yake, ndani ya kofia ya bati au plastiki, kuna mapezi ya silinda yanayopozwa na upepo wa feni. Majani makavu yaliyosagika hupita kwenye wavu, yanakutana na utando wa oili na kuganda kati ya mapezi kama tofali. Kwa nje injini inang'aa. Ndani upande mmoja wa silinda umefunikwa blanketi. Kichwa cha silinda kinapata joto kisilolingana, kinajipinda, na gasketi inapasuka pale palipo pembamba, kati ya silinda na njia ya vijiti vya vali. Kuanzia hapo moto wa silinda unapuliza ndani ya krankikesi, yaani tumbo la injini lenye oili, oili inasukumwa kwenye filta ya hewa, na moshi unajaa uwanja.

Kinga yake ni kazi ya nusu saa. Kila saa 50, na kila saa 25 wakati nyasi ni kavu, fungua boliti za kofia ya feni, iinue, chokonoa mapezi kwa kijiti cha mbao na brashi, puliza, rudisha. Usielekeze mpira wa maji wa presha kwenye injini yenye joto wala kwenye spindeli, kwa sababu maji huvuka sili za beringi na kutu huanza usiku huohuo.

Oili na petroli

Oili ya kwanza ya injini mpya hubadilishwa baada ya saa 5 hadi 8, maana ina unga wa chuma wa kuzoeana kwa vyuma. Baada ya hapo kila saa 50, na filta ya oili kila saa 100. Kwa joto letu oili ya daraja la uzito SAE 30 ndiyo inayofaa zaidi kwenye injini zinazopozwa kwa hewa. 10W-30 inakubalika, lakini kwenye joto la zaidi ya nyuzi 27 hupungua haraka, kwa hiyo anayeitumia Dar es Salaam au Mombasa apime kila asubuhi bila kukosa. Injini ya silinda moja hubeba lita 1.4 hivi, ya silinda mbili kama lita 1.9. Washa dakika tano oili ilainike, zima, chomoa waya wa plagi, fungua mdomo wa kumwagia. Tia robo tatu ya kipimo kwanza, pima, kisha ongeza kidogo kidogo. Oili chafu iwekwe kwenye dumu ipelekwe gereji inayoikusanya. Ukiimwaga kwenye kona ya uwanja, hapo hapaoti kitu kwa muda mrefu.

Petroli ikikaa zaidi ya siku 30 inaanza kuharibika na kuacha gundi ndani ya kabureta. Nunua ya wiki mbili tatu, iweke kwenye galoni safi lenye kifuniko, imiminie kwenye funeli yenye wavu. Dalili ya gundi ni injini kupanda na kushuka resi yenyewe, kama inapumua, na kutulia ukivuta choki kidogo. Tundu dogo la petroli limeziba. Kabla ya kufungua kabureta badilisha filta ya petroli, mshale wake ukielekea injini, na uangalie mfuniko wa tangi: tundu lake la hewa likiziba, injini hufanya kazi dakika 20 na kuzimika, na ukilegeza mfuniko inawaka. Tundu la kabureta lisafishwe kwa uzi mmoja laini wa waya wa umeme na dawa ya kabureta. Sindano hulipanua, na kabureta haitakaa sawa tena.

Plagi ibadilishwe kila saa 100, nafasi kati ya ncha zake iwe milimita 0.76 kwa injini nyingi.

Ikigoma kuwaka

Ukigeuza ufunguo na kimya kitupu, anza na vitu visivyo na gharama: breki imekanyagwa hadi mwisho? Visu vimezimwa? Fyuzi nzima? Ukisikia "tik" moja bila stata kuzunguka, safisha vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu, ambao husahaulika. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6. Injini ikiwa resi ya juu, mita isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12, mfumo wa chaji ndio mgonjwa, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Kuna tatizo moja linalowagharimu watu pesa bila sababu. Stata inazunguka nusu, inagota kana kwamba imegonga ukuta, inajikongoja, inagota tena. Watu hununua betri, haisaidii. Wananunua stata, haisaidii. Ukitoa plagi injini inazunguka bila shida, na hapo jibu limeshapatikana. Injini hizi zina kifaa kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali) kinachoiachia vali kidogo wakati wa kuwasha ili kupunguza mgandamizo. Nafasi ya vali ikipanuka kwa kuchakaa, kifaa hicho hakiifikii vali, na stata inapambana na mgandamizo wote. Toa kofia ya vali injini ikiwa baridi. Peleka pistoni hadi juu kabisa kwenye mgandamizo, kisha ishushe milimita 6. Pima nafasi ya vali kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini nyingi za silinda moja za Briggs & Stratton zenye vali juu, vali ya kuingizia ni milimita 0.08 hadi 0.13 na ya kutolea 0.13 hadi 0.18. Rekebisha kwa nati ya roka (mkono mdogo unaosukuma vali), kaza skrubu yake ya kufungia, zungusha injini mara mbili kwa mkono, pima tena. Gharama yake ni gasketi moja ya kofia.

Mkanda

Harufu ya mpira ulioungua, visu kulegea kwenye nyasi nzito, au mlio mkali wakati wa kuwasha visu, vyote vinakuelekeza kwenye mkanda. Angalia kwanza kama puli ya kukazia inazunguka vizuri na springi yake haijakatika. Usifunge mkanda wa feni ya gari hata ukilingana urefu. Wa mashine hii umetengenezwa kwa nyuzi imara na kitambaa cha nje kinachovumilia kuteleza kila unapowasha visu, na wa gari utaungua ndani ya siku chache. Piga picha ya njia yake kwa simu kabla ya kuuvua, pamoja na vidole vya chuma vinavyouzuia usiruke.

Ikipumzishwa

Ikikaa zaidi ya mwezi, malizia petroli ya tangi au iondoe, kisha iwashe hadi kabureta ikauke na injini ijizime. Chomoa waya hasi wa betri na uichaji kila mwezi. Safisha deki, weka mashine mahali pakavu, matairi yakiwa na upepo. Panya hupenda sana sehemu ya feni, na kiota kimoja kinatosha kuunguza injini siku ya kwanza ya kazi. Kabla ya kuiwasha mvua zinaporudi, fungua kofia ya feni uangalie, pima oili, na waya wa plagi ukiwa umechomolewa zungusha kila kisu kwa mkono mzunguko mmoja kamili.